Kikombe Kimoja

Kadi ina doa la mafuta pembeni, umbo la kidole gumba.
Shangazi Elva hakuwa mtu wa maneno:
Asali nyeusi ya miwa, kikombe kimoja.
Mafuta ya nguruwe, nusu yake.
Magadi, uyakoroge kwa chai iliyopoa.
Tangawizi.
Unga wa kutosha.
Basi. Halafu, kwa wino mwingine: Usifungue tanuri.

Unga wa kutosha kumtosha nani, Shangazi?

Februari. Theluji imepanda hadi kizingiti cha dirisha
na bandari ya Lunenburg imenuna kama mtu aliyenyimwa.
Binamu yangu Thaddeus anasoma kadi kwa sauti,
miwani puani, mfano wa karani wa mahakama.
"Kikombe kimoja," anasema. Ananyamaza.
"Kikombe kipi?"

Hapo tukakwama.
Maana kikombe chake sote tunakijua:
cha bati, buluu, kimebanduka rangi mdomoni,
kilichoishi ndani ya pipa la unga miaka hamsini
kikichota unga, kikichota asali,
siku nyingine kikichota maji ya mbwa.
Na juma lile baada ya mazishi,
tulipopanga vyombo vyake uani na kuvibandika bei,
mimi, kwa mkono huu huu,
nilikiuza kwa robo dola
kwa mwanamke aliyetaka cha kuoteshea maua.

Asali haina habari.
Inatoka chupani kwa mwendo wake,
nyeusi, nzito, haimwogopi mwenye haraka.
Zamani, walisema, ilikuja kwa mapipa
kutoka visiwa vya joto:
meli zilikwenda na samaki wa chumvi, zikarudi na utamu.
Miwa ile ilikatwa na nani,
swali hilo halikuwahi kuandaliwa mezani pamoja na chai.
Nalamba kijiko. Kuna uchungu kwa chini.
Utotoni sikuwahi kuusikia.

Trei ya kwanza ilitambaa ikawa ziwa moja.
Ya pili, Thaddeus aliigonga biskuti mezani
na meza ndiyo iliyolalamika.
Ya tatu ilikuwa bado bakulini, tukibishana,
yeye ongeza, mimi hapana,
baba alipoingia akiburuta ndara, amevutwa na harufu.

Baba ana miaka themanini na tisa.
Tangu Krismasi hajaniita jina langu.
Alichovya kidole, akalamba. "Bado."
Akatia ngumi ya unga, kisha nusu ngumi,
akakanda, akasimama.
Kwa mkono wa kulia akaminya donge.
Kwa wa kushoto, uliojaa unga,
akashika ndewe ya sikio lake mwenyewe, akaiminya,
huku na huku, macho kayafumba,
kama mtu anayelinganisha sarafu mbili gizani.
"Elva hufanya hivi," alisema.
Hufanya. Si alifanya.
Kisha akatuuliza hii ni nyumba ya nani.

Tulizila zikiwa moto, bila sahani,
Thaddeus akiwa na unga masikioni yote mawili.
Ni zenyewe? Karibu. Tangawizi imezidi.
Baba alikula nne, ya tano akaitia mfukoni.

Usiku nilichukua kalamu.
Kikombe nilichotumia ni cha duka la matairi,
kina tangazo la punguzo la bei; hicho sikukitaja.
Chini ya unga wa kutosha niliandika tu:
Shika ndewe.
Sikueleza.
Atakayeirithi kadi hii naye ahangaike kidogo.