Kunoa Kioo

Baba alinoa visu Kibuye miaka ishirini na sita,
baiskeli ikiwa juu ya stendi, gurudumu la nyuma
likizunguka bila kwenda popote,
mkanda wa mpira ukivuta jiwe,
cheche zikimrukia kifuani.
Mashati yake yote yalikuwa na matundu.
Mama alisema ameolewa na chujio.

Wito wake ulikuwa mmoja:
Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama!
Wachinjaji walicheka, wakaleta visu.

Mimi nanoa kisichoonekana.

Mamboleo, chumba cha mwisho. Feni imezimwa,
maana hata upepo wa feni ni mkono.
Mashine hupasha mrija wa kioo moto katikati
mpaka kioo kisahau kwamba ni kioo,
kisha huuvuta huku na huku, ghafla,
zikabaki ncha mbili, pacha,
nyembamba kuliko unywele wa kichanga.
Lakini nyembamba si kali.
Vijana ninaowafundisha hawalielewi hilo upesi:
kitu chaweza kuwa chembamba
na bado kikasukuma badala ya kuingia.

Ndipo naishusha ncha kwenye sahani inayozunguka,
sahani ya vumbi la almasi,
nyuzi ishirini na tano,
tone la maji, tone la maji,
skrubu robo ya robo,
nikitazama kwenye hadubini ncha na kivuli chake
vikisogeleana kama wakwe wanaosalimiana mara ya kwanza.
Vikigusana, napumua.
Kabla ya hapo sipumui.

Stima ikipotea (na Jumanne hupotea)
sahani husita, ncha huvunjika bila hata sauti.
Baba alikuwa na miguu yake.

Naye alipima makali kwa ukucha wa gumba.
Mimi nitapimia nini? Ukiigusa, imekufa.
Naichovya kwenye spiriti, napuliza taratibu:
viputo vikipanda kwa mstari, wima, vidogo, vya saizi moja,
basi mdomo umefunguka.

Na mayai hayangoji.
Mbu hutaga meupe; saa mbili hivi
yameshakuwa meusi, yamefunga mlango.

Mwaka wa mvua nyingi
baba alinoa kisu cha Mudanya mchinjaji akiwa na homa.
Meno yalimgongana, mkono ukacheza,
kisu kikatoka na mawimbi kama bati la paa.
Alikilipa wiki tatu.
Usiku mmoja, nikiwa nimejifanya nimelala,
nilisikia mlio ule mwembamba chumbani,
kisha kofi ukutani,
kisha baba, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa wito wake:
«Kumbe mwenye kisu kikali ni huyu.»

Ijumaa iliyopita nilimleta maabara.
Alivua kofia. Alifumba jicho lisilofaa, nikamrekebisha.
Akakaa kimya muda wa kunoa visu viwili.
«Akumu,» akasema, «hapo umeacha ndevu.»

Nilikuwa nimeikagua mara tatu.
Nikaangalia. Ndevu. Moja, upande wa kushoto,
uzi wa kioo uliokunjamana kama aibu.
«Usikandamize. Zungusha kidogo, iache ijitafute.»
Nikairudisha kwenye sahani. Tone la maji.
Yeye pembeni, mguu wake wa kulia
ukikanyaga pedali isiyokuwepo.

Yai la kwanza lilipokea bila kubonyea.
La pili pia.

«Mnamdunga nini?»
Nilimweleza kwa muda mrefu, kwa maneno mengi mno,
habari za kizazi kitakachouma bila kuacha homa,
labda, baba, labda, miaka ijayo.
«Na katika mayai mia, yatapona mangapi?»
«Tukibahatika, matano.»
Akayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akavitazama.
«Mimi kwa hasara hiyo ningefunga kazi.»

Akavaa kofia. Akafika mlangoni.
Akarudi, akaivua tena,
akaomba aangalie mara nyingine.