Namba Kumi na Saba

Kabla ya yote, tabaka liamshwe.
Mara moja tu. Ukiliamsha mara mbili litakukemea;
ukisahau, kila ujumbe utakaotuma
utaanguka sakafuni kama kikombe kisichopokelewa.

Hilo nalijua. Nimelifundisha miaka sita
katika chumba hiki cha mashine, kilimani Chimwaga,
vumbi la Septemba likipenya chini ya mlango
ingawa tumeziba kwa tambara.

Saa nne usiku naamuru: anza.
Michakato arobaini na minane inaamka,
na kila mmoja, kabla haujajua hata kazi yenyewe,
unauliza mawili: Mimi ni wa ngapi? Tuko wangapi?
Unapewa namba, kuanzia sifuri.
Unapewa kipande cha ramani.
Sifuri umepata Kondoa, na ndio ushikao daftari;
wa tisa Kongwa na upepo wake;
wa kumi na saba, Bahi.
Kazi ni mvua: itashuka lini,
mwenye shamba la uwele asizike mbegu kwenye vumbi.

Saa saba. Mipakani wanapashana:
wingu langu linaingia kwako, lipokee.
Nimelipokea, lina unyevu kiasi hiki.
Nami nakunywa chai ya rangi iliyopoa,
namsikia Ndahani, mlinzi, akikohoa nje.

Saa tisa kasoro, kimya.
Si kimya cha kazi iliyokwisha.
Feni zinanguruma, taa ni za kijani,
lakini kioo hakitoi mstari mpya.
Arobaini na saba imesimama mlangoni pa kutokea
na hakuna unaotoka. Ndiyo kanuni:
tabaka halifungwi na mmoja.
Kila ulioamshwa nalo sharti ufike useme, nimemaliza,
ndipo jamvi likunjwe.

Nikaita majina, kama mwalimu wa zamu.
Kumi na tano, nipo.
Kumi na sita, nipo.
Kumi na saba.

Kumi na saba.

Nikachimba hadi nikaukuta mstari,
niliouandika mwenyewe mwezi wa Aprili, kwa haraka:
*kama kituo hakina vipimo, ondoka.*
Kipimamvua cha Bahi kimevunjika tangu Machi.
Basi mchakato ulifungua mkoba wake, ukakuta mtupu,
ukaona haya,
ukaondoka bila kuaga.
Wenzake wanaungoja, wanakula umeme.

Hapo nikakukumbuka, Lechipya.
Siku ya kuanua matanga ya baba, kule Kigwe,
michango ikisomwa kwa sauti,
mbuzi wa Chilewa, debe la mtama la mama Nyemo,
ulijipapasa mfukoni, ukatoka kama aendaye msalani.
Ukaenda hadi Manyoni.
Huu mwaka wa pili. Mama hakubali kwamba tulianua.
Kitanda cha baba bado kina shuka lake.
Sisi tulisema umetukimbia. Tulisema na mengine.

Nikafuta *ondoka*. Nikaandika:
kama huna kitu, tuma sifuri.
Si sifuri ya ukame; ni sifuri ya hesabu,
vipimo nilivyo navyo: hakuna.
Hiyo nayo hujumlishwa.
Hata mwenye daftari jina lake ni sifuri.
Kisha njoo mlangoni na wenzako.

Saa kumi na mbili kasoro yote ikafika.
Kumbukumbu ikarudishwa kama vyombo vya kuazima,
njia za habari zikafungwa moja moja,
na tabaka likalala.
Ukiliita baada ya hapo, halisikii.

Ndahani akachungulia: "Mvua je?"
Nikamwambia, Kongwa mapema Desemba.
"Na Bahi?"
Bahi hatujui. Tumeandika kwamba hatujui.

Nikatoka nje, simu mkononi, baridi ya alfajiri masikioni.
*Njoo Kigwe Jumamosi. Usilete kitu.*
Alama moja ya vyema.
Naingoja ya pili.