Bonge la Kamba

Nilitia saini fomu ya mzazi msindikizaji
nikitoka zamu ya usiku, kope zimenielemea,
nikidhani tunakwenda kuona mifupa ya mijusi wa kale.
Kumbe ni stesheni kuukuu ya treni
hapa hapa Dunmarrow, tambarare ya Saskachewani,
ambako Mei imeshaingia na theluji haijaaga,
imejibanza upande wa kaskazini wa kila ukuta
kama mdaiwa.

Watoto ishirini na watatu. Mwalimu Hnatiuk anawahesabu
wakishuka basi la njano, anawahesabu mlangoni,
anawahesabu tena, maana Jericho amejificha
nyuma ya makoti, kwa furaha tupu.

Bi Verna ana funguo shingoni
na sauti ya kusemesha viziwi.
"Hapa," anasema, "ndipo babu zenu walipokata tiketi."
Watoto wanatazamana.
Babu wa Jericho yuko Iloilo, anaunda pikipiki.
Babu zake Raylene walikuwa hapa kabla ya reli
wala hakuna aliyewauliza habari za tiketi.
Babu wa mwanangu Mhina…
nitafika huko.

Tuliona jiko la makaa. Dawati lenye tundu la wino.
Swali la kwanza: choo kilikuwa wapi?
La pili: tunakula saa ngapi?

Kisha banda la nyuma, na mashine nyekundu
iliyokata ngano, ikaikumbatia, ikaifunga mganda,
fundo na yote, bila mkono wa mtu.
Kando yake, ndani ya kioo, bonge la kamba.
*Usiguse*, inasema kadi. *Asili: haijulikani.*

Pua yangu ilijua kabla yangu.
Harufu kavu, chungu kidogo, ya jua lililofungiwa.
Katani.

Baba alikata mkonge nje ya Muheza,
majani thelathini kila fungu;
likipungua moja, siku haiandikwi.
Jicho la kushoto aliliacha kwenye mwiba.
Singa zikitoka korona zilianikwa nyeupe
safu kwa safu, na sisi watoto tukapita katikati
tukijifanya maharusi.

"Baba yangu anaijua hiyo!"
Mhina, kidole juu. Vichwa vyote vikanigeukia
na neno la Kiingereza likanitoroka.
Basi nikakunja suruali mpaka juu ya goti.
Wakacheka, haki yao:
paja lenyewe limepauka kwa baridi, na vinyweleo vyake.
Bi Verna akatazama kadi yake, akatazama funguo zake,
akafungua kioo.

Nikafumua kipande. Nikatenga singa mbili,
nikasokota juu ya paja kwa kiganja,
kwenda, kurudi, kama alivyofanya bibi
akiongea na jirani bila hata kutazama.
Kiganja hakikusahau. Mimi ndiye nilikuwa nimesahau.

Raylene akavuta huku, Jericho akavuta kule.
Kamba hukatikia pabovu:
hii ilikatikia kwa Jericho, akaanguka na makalio
na darasa zima likataka zamu.

"Umesema wapi?" Bi Verna aliniuliza, penseli mkononi.
Akaandika *Tonga*.
Tukafuta herufi moja, tukapuliza vumbi la raba.

Kwenye basi Mhina aliuliza
kama Babu alijua kamba inakwenda wapi.
Nikamwambia, alijua mpaka bandarini.
Zaidi ya hapo hakuna aliyemwambia.
Akafikiri, uzi umemzunguka kidole mpaka kimevimba.
"Na ngano? Aliwahi kuila?"
Idi, labda. Maandazi.
Akamega mkate wake
akanipa upande wenye jamu.

Sikuumaliza. Wanasema nilikoroma
barabara yote ile iliyonyooka,
na kwamba mlangoni mwa shule Mwalimu Hnatiuk
alihesabu, akanigusa bega na mimi,
ishirini na nne.