Asilimia Tano

Waraka umefika kutoka Valparaíso,
kurasa kumi na nne, muhuri wa buluu:
malengo ya mwaka, watu na vifaa.
Naukunjua juu ya kreti la vichujio vya mafuta
huku mabati ya bohari yakitetemeka
kwa upepo huu wa Punta Arenas
unaoilazimu manispaa kufunga kamba njiani
ili waendao sokoni wapate pa kujishikia.

Lengo la kwanza: maombi tisini na tano katika kila mia
yatimizwe kabla ya siku saba.
Lengo zuri. Hata mimi ningelitia sahihi.
Mwaka wa kumi na tisa huu natunza bohari,
najua bolti ipi imelala rafu ipi,
gasketi ya pampu ya Cauquén naitambua gizani
kwa kuipapasa.
Akiba haiozi, husema watu.
Hao hawajatunza mpira.
Mpira huoza kimya ndani ya boksi jipya,
tarehe yake imeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Lakini hizo tano zilizobaki, nauliza,
zinakaa wapi?
Zinalala na nani?

Moja naijua. Inaitwa Ojeda,
fundi mitambo, mzaliwa wa Chiloé,
viganja vipana kama makasia.
Glavu namba kumi na mbili.
Niliziomba Machi. Nikaziomba Mei.
Julai zikaja jozi arobaini, zote namba tisa,
na daftari likasema: glavu, zimepokelewa.
Agosti, kusini ya kisiwa cha Navarino,
akaifungua vali kwa mikono mitupu
kwa kuwa mashua ya wavuvi ilikuwa inazama
na bahari haisubiri waraka.
Watu sita wakapandishwa hai.
Ncha mbili za vidole zikabaki kwenye chuma.

Septemba glavu zake zikafika.
Nikampelekea hospitalini, mwenyewe, kwa miguu.
Akazivaa. Vidole viwili vya glavu vikainama, vitupu.
Akacheka: Yasna, sasa zinanizidi.

Mwaka ule tulifikisha tisini na sita.
Wakatuletea keki.

Sisemi namba ni uongo.
Bila namba ningekuwa mrundika vitu tu.
Luteni Marusic aliyeandika ukurasa wa tisa
amehesabu siku za barafu, siku za kungoja gati,
amekumbuka hata likizo za wapishi.
Aliyekumbuka likizo ya mpishi si mtu mbaya.
Ila ameandika "watumishi" mara thelathini na moja
na hakuna hata mmoja mwenye mikono.

Cauquén inang'oa nanga saa kumi alfajiri.
Nimeshuka gatini na boksi lisilo na fomu:
jozi mbili za kila namba, saba hadi kumi na tatu,
na zipu tatu za suti za kuokolea.
Ukaguzi wa Aprili utakuta pengo,
rafu ya tatu, kushoto, chini ya taa mbovu.
Waniulize. Nitawajibu kwa majina.

Ojeda akalidaka boksi,
akalitikisa sikioni kama mtoto wa sikukuu.
Kuna nini humu?
Asilimia tano, nikamwambia,
na upepo ukalinyakua neno
kabla sijajua kama limemfikia.