Kabati la Marehemu

Saa nne kasoro robo asubuhi
Edinburgh inanyesha, mvua ile ya Agosti
isiyojua kama inanyesha au inapumua tu,
nasi tunateremsha kabati la marehemu mama
ngazi ishirini na tisa, chini ya kanisa
lililokodishwa mwezi mzima kwa watu wa michezo.

Mama mwenyewe hajawahi kuwapo.
Kabati Ruaridh kaligongomea uani kwa shangazi yake, Dundee,
mbao nyembamba, nyuma halina kitu,
na kila siku linapungua: jana bawaba,
leo mguu.

Tuna dakika kumi na tano za kupanga,
hamsini za kuigiza,
kumi za kutoweka.
Tukizidisha moja, kikundi cha pili kiko mlangoni
na joka lao la plastiki, linatukodolea
kama mwenye nyumba siku ya kodi.

Mimi mtu wa taa. Sina neno hata moja la kusema.
Nina swichi sita, mbili mbovu,
na daftari nililoandika kwa Kiswahili
ili Ottilie asijue kwamba pale anapolia,
pale anaposifiwa kwa kulia,
pameandikwa: *hesabu hadi tisa, zima.*

Jana usiku Bhavika alimwaga sarafu juu ya godoro.
Sita katika chumba cha wawili, maharage ya kopo,
kijiko kimoja kinazunguka kama zamu ya ulinzi.
Akahesabu, akahesabu tena,
akasema: tunaweza kula, au tunaweza kuchapisha matangazo.
Tukachapisha.
Asubuhi nimeyakuta barabarani yamelowa,
uso wa Morwenna na alama ya kiatu kwenye paji.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo nilivyolelewa.
Lakini Ruaridh kwao ni hapa,
kazaliwa ng'ambo ya daraja, nusu saa kwa treni,
na kila siku anawekea mama yake kiti cha safu ya kwanza,
juu yake skafu, asije mtu akakikalia.
Hakuna wa kukikalia.

Siku ya tisa. Viti arobaini na viwili.
Mwanamke mmoja aliyekimbia mvua,
na fundi bomba, katumwa kuziba bomba
linalodondosha maji nyuma ya pazia letu.
"Endeleeni," alisema, "mimi siwasikii."
Kisha akaketi juu ya sanduku lake la vifaa.

Dada wawili wanagawana nyumba.
Masufuria yana mwenyewe, saa ina mwenyewe,
hata paka ana mwenyewe.
Linabaki kabati.
Morwenna anavigeukia viti, kama kila siku:
"Nani atalichukua?"

Hapo ni kimya. Nahesabu.
Moja. Mbili. Tone ndani ya ndoo.
Nne.

"Ningelichukua mimi," akasema fundi.

Ottilie, asiyesahau mstari wala kuongeza,
akamtazama muda mrefu.
"Utaliweka wapi?"
"Sina pa kuliweka," akasema. "Lakini ningelichukua."

Nilipokumbuka kuhesabu, tisa ilikwisha pita zamani.
Taa inawaka. Mwanamke wa mvua kavua kofia,
ameishika mapajani kwa mikono miwili.
Hakuna aliyejua mchezo umefika wapi
na hakuna aliyeuliza.

Tulichelewa dakika nne.
Fundi akashika upande usio na mguu
bila kuombwa, akapanda nao kinyumenyume,
na katikati ya ngazi tukakutana na joka:
sisi tunapanda, lenyewe linashuka,
hapana pa kupishana.
Tukasimama hivyo, vikundi viwili na fundi mmoja,
tukiulizana nani arudi nyuma,
naye akitafuta mfukoni skrubu ya bawaba.

"Bomba limepona," akasema huku akikaza.

Kesho, basi, hakutakuwa na tone.
Nimefuta *tisa* daftarini.
Sijaandika kitu mahali pake.