Nusu Kidonge

Ukurasa wa arobaini na tatu niliandika:
"Mhojiwa hana uelewa wa kutosha wa dozi."
Dakta Rweikiza akapitisha kalamu nyekundu,
akaweka alama ya vema.
Nje ya maktaba kunguru wanagombea ganda la muhogo,
umeme umekatika mara ya pili,
na mimi, muuguzi wa miaka kumi na mmoja
niliyerudi darasani na miwani ya kusomea,
nahesabu maneno ya watu
kama nilivyokuwa nikihesabu mapigo
kwa vidole viwili, jicho kwenye saa.

Tumefundishwa: ujumbe una mtumaji, una njia, una mpokeaji,
na katikati kuna kelele.
Mhadhiri alichora mishale ubaoni, imenyooka.
Nilinakili yote.
Sikuuliza kelele ni ya nani.

Vingunguti nilikwenda na bango langu.
Moyo mwekundu, saa ya ukutani, glasi ya maji,
na maandishi manene: MEZA DAWA ZAKO KILA SIKU.
Muhula mzima ulipita nikichagua wekundu wa ule moyo.
Bi Siwatu akalitazama sana, pindo la kanga kalishika kidevuni.
"Zuri. Hiyo glasi umeinunua wapi?"
Wenzake wakaangua kicheko.
Nikaandika: kicheko, sekunde nne.

Kisha akasogea, akaweka kidole kwenye neno.
"Hapa umesema *zako*. Zangu ni zipi?
Kopo ni moja, sisi wawili, mimi na mke mwenzangu.
Yake hupanda asubuhi, yangu hupanda usiku.
Tunapishana."

Tunapishana.
Tasnifu yangu ni ya Kiingereza,
na usiku ule nililizungusha neno hilo mdomoni
kama kokwa ya zambarau, nisijue pa kulitemea.
Mwishowe nikalitia kwenye jedwali:
msimbo wa kumi na nne, imani potofu.
Nikalala.

Jumamosi nikaenda Mbagala kwa mama.
Nilikuwa natafuta kijiko tu.
Juu ya kabati la vyombo, kisahani cha chai,
kisu chake cha vitunguu,
na unga mweupe, kidogo, kama chaki chini ya ubao.
"Mama, hii nini?"
"Navikata. Mwezi una siku nyingi kuliko vidonge."
"Tangu lini?"
Akaendelea kuchambua mchele.
"Tangu Machi."

Machi. Nami najua Machi ilikuwa na nini:
elfu arobaini zilizoingia kwenye simu yangu
na ujumbe usio na nukta,
*za kuchapisha picha zako mwanangu*.

"Kwa nini hukuniambia?"
"Ulikuwa unasoma."

Hakusema kwa uchungu.
Alisema kama mtu anavyosema mvua ilikuwa inanyesha.
Kisha akataka kuliona bango.
Nikalikunjua juu ya mkeka, nikamsomea,
sauti yangu ile ya wodini, pole pole, herufi kubwa zote.
Akaitikia kwa kichwa
kama mtu aliyeletewa salamu na asiyemjua.
"Rangi imekaa vizuri," akasema,
akarudi kwenye mchele wake.

Leo nimefungua tena ukurasa wa arobaini na tatu.
Mama haingii kwenye sampuli, najua.
Hakutia saini fomu ya ridhaa,
haishi katika kata ya utafiti,
na mtafiti ana maslahi.
Nimeifuta ile sentensi. Mahali pake
kielekezi kinapepesa, kinapepesa,
kama mtu aliyeulizwa swali mbele ya darasa.
Nikaandika: "Mtafiti hana uelewa wa kutosha wa mwezi."
Nikaiacha hapo. Dakta ataiona Jumatatu.

Kisha nikapiga simu Mbagala.
"Mama, vimebaki vingapi?"
Kimya. Nasikia redio ya jirani, nasikia kopo likitikiswa.
"Vizima," akauliza, "au nusu?"