Bado Hujashusha

Mwaka wa nne kiwandani, kisu kilinisaliti.
Si kisu, kusema kweli. Kifundo cha mkono.
Sangara wa kilo nane ana ngozi ya ubishi,
nami niliwachuna kwa mamia kila zamu,
hadi alfajiri moja vidole vikafa ganzi,
kisu kikaanguka sakafuni, kikalia.
Msimamizi alitazama saa, hakutazama mkono.

Siku hizi jioni napanda kwa Ngollo, Mabatini,
ambako nyumba zimeparamia mawe kama mbuzi.
Jimu yake ni uchochoro na turubai:
makopo ya rangi yaliyojazwa zege,
mtaimbo, ekseli ya bajaji,
kioo kimoja chenye ufa, kinagombewa na wenye vifua.

Mimi kioo cha nini?
Nina kipande cha mpini wa jembe,
kamba ya nyavu, na jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto.
"Viringa," asema Ngollo. "Usiibe kwa bega, Minza.
Bega lako nalijua, lina huruma."

Nanyoosha mikono. Kulia, kushoto, kulia,
kamba inajizonga, jiwe linapanda likisitasita
kama mdeni aliyeitwa barazani.
Vigasha vinawaka, pilipili chini ya ngozi.
Nikidhani nimemaliza:
"Bado hujashusha.
Kupandisha ni sifa. Kushusha polepole, hiyo ndiyo kazi."

Wiki ya kwanza vijana walicheka.
Ya pili, Lubinza, mwenye kifua kama kabati,
akaomba ajaribu. Mpini ulimponyoka,
jiwe likamfuata mguuni.
Hatukucheka.
Tulicheka kidogo.

Mwezi wa tatu sasa. Kuna mshipa mpya
unaotoka kiganjani kwenda kwenye kivi.
Nikichambua dagaa nauona ukitembea,
mgeni aliyehamia bila kubisha hodi,
na sijui nimkaribishe kwa jina gani.

Jumamosi nilifua lile blanketi la bluu
pale uani, kati ya majabali mawili,
ambapo ziwa huonekana kwa upana wa khanga.
Kabula ncha hii, mimi ncha ile, tukasokota.
Zamani mimi ndiye niliyeachia kwanza,
blanketi likakauka kesho kutwa, likinuka uvundo.
Safari hii maji yalitoka, yakatoka,
hata yale yaliyojificha kwenye pindo,
nami nikazidi kusokota, macho nimefumba,
mpaka niliposikia:
"Mama! Unaninyanyua!"

Kweli bwana. Visigino vyake vilikuwa hewani.